Shahada ya Anthropolojia: Deni, Kipato na Hadhi ya Kazi

Wazazi wengi huuliza: kijana akisomea anthropolojia, yaani elimu ya mwanadamu na tamaduni zake, ataishije, na mkopo ataulipaje?

Swali hilo ni halali. Hapa Tanzania, mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupewa miezi 24 baada ya kuhitimu kabla ya kudaiwa marejesho. Akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi, kabla hajalipa pango wala kuwasaidia wazazi. Nafuu ipo: mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa.

Tofauti na udaktari au ualimu, shahada hii haina cheo kimoja kinachomngoja mhitimu. Milango yake ni utafiti, maendeleo ya jamii, makumbusho na mashirika ya misaada, na mara nyingi huanza kwa mikataba mifupi. Basi mwanafunzi ajifunze takwimu na uandishi wa ripoti akiwa angali chuoni, na likizoni ajitolee katika huduma za jamii parokiani.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Tusimdharau kijana, basi, kwa sababu ya fani yake. Naye akumbuke kwamba kulipa deni ni wajibu wa haki: fedha anayorejesha humsomesha mtoto wa jirani.