Shoti, Mguso na Ardhi: Istilahi za Kutafuta Hitilafu katika Kidhibiti Sauti cha Rilei

Katika Jiji la Arusha lipo eneo liitwalo Philips, lililopata jina hilo kutokana na kiwanda cha redio kilichokuwa huko. Kazi ya redio, basi, si ngeni kwa wakazi wa mji huo, wala lugha ya kazi hiyo si ngeni. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno machache ya lugha hiyo kwa kuyaweka mbele ya kazi moja. Tuchukue mfano wa fundi aliyeko Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga, ambaye amejitengenezea kidhibiti sauti cha rilei kwa kufuata maelezo yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza. Kifaa kimekamilika, lakini hakifanyi kazi ipasavyo. Je, ufasiri huo utamsaidia au utampoteza?

1. Kifaa chenyewe

Rilei ni swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme. Mkondo unapopita katika koili, koili huwa sumaku, huvuta kipande cha chuma, nacho huhamisha mguso kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Wako ambao wangependelea neno kipokezi, kwa kukumbuka mbio za kupokezana vijiti. Lakini kipokezi tayari ni chombo kinachopokea mawimbi. Rilei ni neno ambalo mafundi wa magari hulitumia kila siku, yafaa libaki.

Kidhibiti cha fundi wetu kina rilei 6 kwa kila upande wa stereo. Kila moja huingiza au huondoa rezista zinazopunguza sauti kwa desibeli 1, 2, 4, 8, 16 na 32. Kwa kuzijumlisha hupatikana ngazi 64, tangu 0 hadi 63. Hapa mfasiri ajihadhari: kinachopunguzwa ni kiasi cha sauti. Ujazo ni neno la hesabu na la vyombo vya maji.

2. Shoti na mkatiko

Hitilafu ya kwanza ni hii: fundi anapotoka ngazi ya 7 kwenda ya 8, sauti hupanda badala ya kushuka. Sababu yaweza kupatikana kwa hesabu tu. Katika ngazi ya 7, rilei za 1, 2 na 4 zinafanya kazi pamoja. Katika ngazi ya 8 zote tatu huachia, na rilei ya 8 peke yake hushika. Isiposhika, hakuna kinachopunguza sauti.

Mwanafunzi wake atasema, "Imepiga shoti." Mitaani neno hili limebebeshwa kila ugonjwa wa umeme, ilhali magonjwa ni mawili na yanapingana. Huenda waya wa koili umekatika. Mkondo haupiti kabisa, na dawa ni kubadilisha rilei. Au huenda daiodi iliyo sambamba na koili imewekwa kinyume. Kazi ya daiodi hiyo ni kuupa njia umeme unaoruka kutoka katika koili mkondo unapozimwa. Ikigeuzwa, mkondo hupita humo badala ya kupita katika koili, na transista inayoiendesha rilei huungua. Hii ndiyo shoti ya kweli. Atakayebadilisha transista bila kuigeuza daiodi ataiunguza na ya pili.

Wafasiri wengine huiita hali ile ya kwanza "saketi wazi". Msomaji wa Kiswahili aghalabu ataelewa kuwa saketi haina kifuniko. Tunapendekeza mkatiko.

3. Mguso

Hitilafu ya pili: rilei inasikika ikilia "ta!", lakini sauti ya upande mmoja ni hafifu na inakwaruza. Maelezo yanasema kuna "mawasiliano mabaya". Fundi atakagua nyaya zote bila kuona kosa, kwa sababu mawasiliano kwake ni habari zinazopita kati ya watu au vyombo. Kinachosemwa ni vipande viwili vya metali ambavyo havigusani vizuri. Utando mwembamba umevifunika. Umeme mkubwa wa taa huweza kuuchoma utando huo, bali umeme mdogo wa muziki hauwezi. Ndiyo maana zipo rilei zilizotengenezwa mahsusi kwa umeme mdogo. Mfasiri angeandika mguso hafifu, fundi angejua mara moja pa kutazama.

4. Ardhi

Hitilafu ya tatu ni mvumo usiokwisha katika spika, nayo ndiyo inayotufanya tuandike. Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu viwili. Kimoja ni waya wa usalama unaotoka kwenye soketi na kufungwa katika kasha la chuma, ili waya wenye volti 230 ukiligusa kasha, mkondo mkubwa upite huko na fyuzi ikatike. Cha pili ni mstari wa ndani ya saketi ambao volteji zote hupimwa kutoka kwake.

Mfasiri akiandika "ardhi" kwa vyote viwili, kisha akaandika "tenganisha ardhi ili kuondoa mvumo", fundi aweza kuukata ule waya wa usalama. Mvumo huenda ukaisha kweli, naye atafurahi. Lakini tangu siku hiyo kasha halina kinga, na mtoto atakayeligusa siku waya utakapolegea aweza kupoteza maisha. Sentensi ifaayo ni hii: "Kutanisha mistari yote ya sifuri mahali pamoja, waya wa ardhi usiguswe."

5. Istilahi zinazopendekezwa

Mkatiko: hali ya njia ya mkondo kukatika.
Shoti: hali ya mkondo kupita njia ya mkato isiyokusudiwa.
Mguso: mahali vipande vya metali ndani ya swichi vinapokutana.
Waya wa ardhi: waya wa usalama wa umeme wa nyumbani, na huo tu.
Mstari wa sifuri: mstari wa saketi ambao volteji hupimwa kutoka kwake.

Maneno haya hayana uzuri wa pekee. Sifa yake ni kwamba kila moja linamwelekeza fundi mahali pamoja tu. Hapana budi mwenye kufasiri maelezo ya ufundi akae kwanza na fundi mezani, aone kila neno linapoupeleka mkono wake.