Ijue Raga Anayocheza Mwanao

Ndugu mzazi, je, mwanao amerudi kutoka shuleni na nguo za matope, akasema amecheza raga? Usimkataze kabla hujaujua mchezo wenyewe. Mimi ni bwana shamba, lakini mwanangu anacheza. Ilinibidi nijifunze.

Raga ni mchezo wa timu mbili. Kila timu ina watu 15. Kuna vipindi viwili vya dakika 40. Mpira wake una umbo la yai. Mchezaji huweza kukimbia nao mikononi au kuupiga kwa mguu. Lakini akiurusha kwa mkono, ni lazima aurushe kando au nyuma. Kuurusha mbele ni kosa.

Wachezaji 8 ni wa mbele. Hao ndio wenye nguvu na uzito. Wachezaji 7 ni wa nyuma. Hao hutegemea mbio. Mpira ukimponyoka mtu ukaanguka mbele, huwa skramu. Wachezaji wa mbele wa timu zote mbili huinama, hushikana na kusukumana kama mafahali. Mpira huingizwa katikati yao.

Anayefika mwisho wa uwanja wa wapinzani akagusisha mpira chini, amepata trai. Trai ni pointi 5. Kisha timu yake hupiga mpira upite kati ya milingoti. Ukipita, huongezwa pointi 2.

Pia kuna raga ya watu 7. Mwaka 2016 Kenya ilishinda mashindano ya Singapore kwa kuifunga Fiji 30 kwa 7.

Sasa sikiliza vizuri. Katika raga watu huangushana. Lakini anayeangushwa ni mwenye mpira tu. Naye hushikwa chini ya mabega. Kumshika shingo au kichwa ni kosa kubwa. Mkosaji huweza kutolewa nje dakika 10, au asirudi kabisa.

Mtoto akigongwa kichwa, mtazame. Je, ana kizunguzungu? Anatapika? Amesahau alipo? Kichwa kinamuuma? Atolewe uwanjani papo hapo. Asirudi siku hiyo, hata akisema amepona. Mpelekeni kituo cha afya.

Ndugu mzazi, nenda shuleni. Muulize mwalimu: "Mtoto akiumia kichwa, mnafanya nini?" Akiwa na jibu zuri, mwache mwanao acheze. Nawe nenda ukamshangilie.