William Kamkwamba Alivyoiteka Hadhira

Paukwa! Nanyi mnaitikia: Pakawa! Mnajua kwa nini msimulizi haanzi hadithi mpaka aitikiwe? Anataka kujua kama mko naye. Mkiitikia kivivu, anaita tena. Hadithi ya leo ni ya kweli, nayo inamhusu kijana aliyepanda jukwaani mbele ya watu asiowajua, akawapata.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Madaktari, wahandisi, walimu na watu wa kazi nyingine huwa na mikutano yao ya kuelezana mambo mapya waliyoyagundua. Huketi ukumbini tangu asubuhi, vitambulisho shingoni, huku wazungumzaji wakipokezana kipaza sauti. Ikifika alasiri wamechoka. Mzungumzaji akianza kuwasomea maandishi yaleyale wanayoyaona ukutani, simu zinatolewa mifukoni, naye anabaki kuongea peke yake.

Juni 2007 mkutano wa namna hiyo, uitwao TEDGlobal, ulifanyika Arusha, Tanzania. Walikuwepo wanasayansi, wafanyabiashara na wasanii, na miongoni mwao William Kamkwamba, kijana wa miaka 19, mtoto wa mkulima wa mahindi kutoka wilaya ya Kasungu, Malawi. Kabla ya safari hiyo hakuwahi kutoka nchini kwao wala kutumia kompyuta.

Aliitwa kwa sababu ya kitu alichokijenga nyumbani. Njaa kali ilipoikumba Malawi mwaka 2001 na 2002, baba yake alishindwa kulipa ada, William akaacha sekondari. Akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, na huko akakuta kitabu cha Kiingereza chenye picha za vinu vya upepo vya kuzalisha umeme. Maneno mengi yalimshinda, akafuata michoro. Akaokota vyuma chakavu: feni la trekta, shokapu, fremu ya baiskeli na dainamo yake, na mabomba ya plastiki. Akasimamisha mnara wa nguzo za mkaratusi wenye urefu wa mita 5. Wapo waliosema amerukwa na akili. Upepo ulipovuma, taa ikawaka, na baadaye nyumba yao ikapata taa nne.

Basi siku ya Arusha ikafika. William akapanda jukwaani, hofu ikamshika, Kiingereza chote kikamtoka. Mwenyeji wa mkutano, Chris Anderson, hakumwacha aaibike. Aliwaonyesha watu picha za nyumbani kwao na za kinu, kisha akawa anamuuliza maswali mafupi, moja baada ya jingine. William akajibu kwa sentensi fupi kama swali lenyewe. Alipoulizwa aliwezaje, alisema tu kwamba alijaribu, akafanikiwa. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Sasa tujiulize. Wale waliompigia makofi walikuwa wamesoma kumzidi, na wengi walikijua Kiingereza kuliko yeye. Walimpenda kwa lipi? Kila neno alilolisema alikuwa amelifanyia kazi kwa mikono yake. Hakujaribu kuonekana mjuzi wa mambo asiyoyajua. Msikilizaji hulitambua hilo upesi, hata kama lugha inachechemea.

Mwaka 2009 William alialikwa tena, safari hii Oxford, Uingereza, na sasa alizungumza bila kuulizwa maswali. Alianza kwa kuwaeleza watu jinsi alivyoogopa kule Arusha, kisha akawapeleka kwao: watoto saba, yeye peke yake wa kiume. Sikilizeni vizuri alivyoieleza njaa. Angeweza kutaja tani za mahindi zilizokosekana nchini, na watu wangesahau kabla ya chakula cha jioni. Alisema kila mmoja nyumbani alipata matonge matatu ya nsima, yaani ugali wa kwao, mara moja kwa siku, usiku. Matonge matatu kila mtu anaweza kuyahesabu kwa vidole. Hapo mhandisi na mfanyabiashara, watu ambao huenda hawajawahi kulala njaa, walielewa kwa nini mtoto angehangaika na vyuma chakavu. Hotuba nzima haikufika dakika kumi.

Siku nanyi mtakaposimama kwenye mdahalo au maonyesho ya sayansi, fanyeni hivyo. Uliza mapema watakaokusikiliza ni akina nani na wanajua nini. Salimia kwa heshima, lakini usiimalize nusu ya muda wako kwa kutaja wageni waheshimiwa mmoja mmoja. Sema itifaki imezingatiwa, uingie kwenye jambo. Anza na kitu kinachoonekana, ndipo ulete maelezo yake. Picha moja iliyo wazi inafaa kuliko ukuta uliojaa maandishi. Tazama nyuso: ukiona wamekunja uso, rudia kwa maneno mengine. Jizoeze kwa sauti mbele ya bibi au mdogo wako, maana asipoelewa yeye, bado hujaelewa vya kutosha wewe. Na muda wako ukiisha, nyamaza.

Baadhi ya waliomsikia William kule Arusha walijitolea kumsaidia arudi shule, na mwaka 2014 alihitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani. Lakini msisahau kwamba siku ile hakuutawala ukumbi peke yake. Aliyeuliza swali fupi kwa upole alimsaidia, na waliotulia kumsubiri nao walimsaidia. Kwa hiyo mwenzenu akisimama mbele ya darasa na maneno yakamtoka, msimcheke. Muulizeni swali analoweza kulijibu, kisha mkae kimya mumsikilize.