Kwa Nini Jenereta Hutikisika Zaidi Inapozimwa

Umeme unaporudi na jenereta ya dizeli ikazimwa, mtikisiko wake haupungui taratibu mpaka ukaisha. Injini hupunguza kasi kwa utulivu, halafu ghafla, ikikaribia kusimama, kiunzi chote huruka-ruka kwa sekunde moja au mbili, kisha kikatulia. Wanaoiona hudhani injini imechoka. Injini haina kosa. Imepita tu kwenye kasi inayolingana na masafa asilia ya mipira iliyoibeba, yaani idadi ya mara ambazo mashine ingepanda na kushuka kwa sekunde kama ungeisukuma mara moja na kuiacha.

Masafa hayo yanapimika, na vifaa vyake si vya gharama. Nasisitiza jambo hili kwa sababu fedha nyingi hupotea kwa kubadilisha mipira ya injini kwa kukisia, na mara nyingi mtikisiko unazidi.

Tuanze mezani. Ning'iniza springi, utundike gramu 100 na usome rula, kisha uongeze gramu 100 nyingine. Springi ikirefuka milimita 9.8 kila unapoongeza, ugumu wake ni karibu nyutoni 100 kwa mita. Sasa tundika jiwe la mizani la kilo 1, livute chini kidogo, uliachie. Huu ndio mtetemo huru: hakuna anayelisukuma tena. Nadharia inasema ugawe ugumu kwa tungamo, utafute kipeuo cha pili, kisha ugawe kwa 6.28. Hapa jibu ni mara 1.59 kwa sekunde. Usipime mtetemo mmoja, kwani kidole kwenye saa huchelewa. Pima 20 kwa mkupuo. Itachukua karibu sekunde 12.6. Zikizidi kidogo, huenda ni kwa sababu springi nayo ina uzito wake, na theluthi moja ya uzito huo huhesabiwa pamoja na jiwe.

Kipimo cha pili ndicho wengi hukiruka, nacho ndicho chenye thamani zaidi. Tazama jinsi mtetemo unavyofifia. Tuseme kimo cha juu kilikuwa milimita 40, na baada ya mitetemo 5 kimebaki milimita 20. Gawa 40 kwa 20, tafuta logi asilia ya jibu, gawa kwa 5, kisha gawa tena kwa 6.28. Unapata 0.022. Namba hiyo ndogo ni uwiano wa ufifishaji, na inaeleza mashine inavyomeza nguvu za mtetemo. Sasa funga kisahani chini ya jiwe na ukitumbukize ndani ya kopo la oili, ambayo hapo inafanya kazi ile ile ya shokapu ya gari. Kimo kikishuka kutoka milimita 40 hadi 10 kwa mtetemo mmoja tu, uwiano umepanda hadi karibu 0.22.

Tofauti ya namba hizo mbili huonekana pale springi inapotikiswa na mota kutoka juu, yaani kwenye mtetemo wa kulazimishwa. Mota ikienda polepole, jiwe hufuata mwendo wake. Ikienda kasi sana, jiwe huenda kinyume: springi ikipandishwa, lenyewe linashuka, na safari yake ni fupi. Katikati, mota inapofikia mara 1.59 kwa sekunde, jiwe huwa nyuma kwa robo ya mzunguko, na kila msukumo unalikuta likielekea kule kule unakoelekea, kama mtoto kwenye pembea anayesukumwa kwa wakati wake. Hiyo ndiyo rezonansi. Bila oili, mtikisiko wa milimita 1 juu huzaa karibu milimita 23 chini. Pamoja na oili, huzaa karibu milimita 2.3.

Kipimo hiki kinahitaji subira. Kila ukibadilisha kasi ya mota, mtetemo huru wa zamani hubaki ukichanganyika na mpya. Bila oili unapungua kwa nusu kila mitetemo 5, hivyo inafaa kungoja mitetemo 30, takriban sekunde 19, kabla ya kuandika chochote. Anayesoma mapema anapata kilele cha uongo.

Turudi kwenye jenereta. Zile za mizunguko 1500 kwa dakika huitikisa sakafu mara 25 kwa sekunde. Mipira laini yenye masafa asilia ya mara 8 hupitisha karibu asilimia 12 tu ya nguvu hiyo. Fundi akiogopa mtikisiko wa wakati wa kuzima, akaweka mipira migumu yenye masafa ya mara 20, sakafu itapokea karibu mara 1.75 ya nguvu ya injini, saa zote inapofanya kazi. Kinga huanza pale tu kasi ya injini inapozidi masafa asilia kwa zaidi ya mara 1.41. Ufifishaji nao una bei yake: unapunguza ule mruko wa kuzima, lakini ukishavuka mpaka huo, kadiri unavyouongeza ndivyo nguvu nyingi zaidi inavyopita sakafuni.

Ukitaka makisio ya haraka, pima mpira unavyodidimia chini ya uzito wa mashine. Milimita 4 zinaashiria karibu mara 8 kwa sekunde, milimita 0.6 karibu mara 20. Lakini mpira unaotetemeka huwa mgumu kuliko mpira uliotulia, kwa hiyo masafa halisi huwa juu ya makisio, na hapo ndipo kupima kunapolipa. Zima injini, funga simu imara kwenye kiunzi, fungua programu ya phyphox, ambayo ni ya bure na ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, kisha gonga kiunzi kwa nyundo ya mpira. Simu ikilazwa juu ya kitambaa itapima kitambaa. Simu inayosoma mara 100 kwa sekunde haiwezi kuonyesha kwa usahihi mtetemo wowote unaozidi mara 50. Gonga pia kwenye kona, maana mashine hiyo hiyo huyumba ubavu kwa masafa mengine. Na kama injini ina silinda moja ya mipigo minne, inawaka mara moja kila mizunguko miwili, hivyo mara 12.5 kwa sekunde nazo ziepukwe, sambamba na zile 25.