Sikio Lifunzwe, Mkono Usisahauliwe

Mwezi wa Oktoba 1961, vijana 14 waliingia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, wakawa wanafunzi wa kwanza wa sheria wa Chuo Kikuu chetu. Tangu siku hizo mlango wa elimu hiyo umepanuka, bali mlango wa uwakili ungali mwembamba. Mwenye shahada ya sheria hupaswa kupita kwanza katika Shule ya Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja yaliishtua nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26.

Miongoni mwa wanaongoja kurudia mitihani wamo watu wenye kazi na watoto. Hawana saa za maktaba. Wana saa za daladala. Basi wengine husoma muhtasari wao kwa sauti, wakaurekodi katika simu, wakausikiliza njiani na jikoni. Je, njia hii yafaa? Sisi twasema yafaa, lakini kwa masharti matatu.

Kwanza, sauti isipite kama wimbo. Jambo lisikiwalo mara kumi huzoeleka, na mtu hudhani amelijua kumbe amelizoea tu. Yafaa kurekodi swali, kisha kuacha kimya, ndipo jibu lifuate. Wizi ni nini? Katika kimya hicho ndugu yetu na ajijibu: ni kuchukua kwa hila, bila dai la haki, kitu kiwezacho kuibwa. Akili hushika zaidi kile ilichojikakamua kukikumbuka. Na kurudia kidogo kidogo kwa siku nyingi hushinda kukesha usiku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, rekodi iwe mpya. Toleo la Sheria lililorekebishwa la mwaka 2023 limeanza kutumika Julai 2025. Mwenye kukariri sauti ya zamani aweza kutaja kwa ufasaha kifungu ambacho namba yake imekwisha kubadilika.

Tatu, sikio haliandiki. Hati ya madai na hati ya kiapo hazijifunzwi ndani ya basi. Hutaka meza, kalamu na mwalimu wa kusahihisha. Sauti na itunze kanuni, mkono uzoee kazi.

Twayanena haya si kwa ajili ya watahiniwa peke yao. Mjane anayenyang'anywa shamba, na mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki, hutazamia wakili ajuaye kazi yake. Mtihani ukilegezwa, wao ndio watakaoumia; na wenye bidii wakikata tamaa, ni hao hao watakaokosa msemaji. Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu: sikilizeni njiani, andikeni nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.