Toleo jipya, hesabu mpya: Kagua ankara zako kabla mzigo haujavuka mpaka

WAPO wafanyabiashara wanaopitisha bidhaa Namanga, Busia na Mutukula ambao daftari lao siku hizi ni kompyuta. Fundi amewatengenezea programu ndogo inayotoa ankara, kubadili shilingi ya nchi moja kuwa ya nyingine na kukumbuka nani anadaiwa. Programu hiyo imeandikwa kwa lugha ya kompyuta, mara nyingi PHP au Python, na lugha hizo hutolewa matoleo mapya. Toleo likibadilishwa, programu iliyofanya kazi vizuri jana inaweza kugoma leo, au ikaendelea kufanya kazi huku ikitoa hesabu tofauti.

Kubaki na toleo la zamani si dawa. Python 2 iliacha kuhudumiwa Januari 1, 2020, na PHP 7.4 ikafuata Novemba 2022. Baada ya hapo, tundu la usalama likigunduliwa, watunzaji wa lugha hawalizibi tena. Ndiyo maana kampuni inayokuhifadhia tovuti inaweza kukuhamishia toleo jipya, hata kama hukuomba.

Kosa linalopiga kelele

Kosa la aina ya kwanza huonekana mara moja: ukurasa unakuwa mweupe, au maneno ya hitilafu yanajaa kwenye skrini. Mfano unaojulikana sana ni wa PHP 7, iliyotoka Desemba 2015. Toleo hilo liliondoa kabisa maagizo ya zamani yanayoanza na "mysql_", ambayo programu nyingi ziliyatumia kufungua hifadhidata. Programu ikiyaita maagizo hayo, haiyapati na inasimama hapohapo. Taarifa zako hazijapotea. Zimekosa tu wa kuzifikia. Fundi hulazimika kuandika upya sehemu hizo kwa mysqli au PDO.

Ukurasa mweupe usikutishe. Seva nyingi huficha maneno ya hitilafu ili wageni wasiyaone, lakini huyaandika kwenye faili la kumbukumbu za makosa. Mwambie fundi aanzie hapo, asome kosa la kwanza kutokea baada ya toleo kubadilishwa, kwa sababu yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Kwenye Python, mstari wa mwisho wa ripoti ndio unaotaja kosa. Mistari ya juu yake inaonyesha faili na namba ya mstari.

Kosa linalonyamaza

Aina ya pili ndiyo ya kuogopwa, kwani hakuna kinachogoma. Tuseme shilingi 100 za Kenya unazibadilisha kwa shilingi 1,950 za Tanzania, na programu yako inagawanya 1,950 kwa 100 ili ipate bei ya shilingi moja. Python 2, ikigawanya namba nzima kwa namba nzima, hutupa kilichobaki: jibu ni 19. Python 3 hutoa 19.5. Kwa mzigo wa shilingi 200,000 za Kenya, programu ya zamani itaandika shilingi 3,800,000 za Tanzania. Mpya itaandika 3,900,000. Aliyezoea namba za zamani atadhani toleo jipya limeharibu, kumbe ni la zamani lililokuwa likimpunja shilingi 100,000 kila safari.

Mambo huweza pia kugeuka. Chupa 50 zikigawanywa kwa katoni za chupa 24, Python 2 ilisema katoni kamili ni 2, na ndivyo fundi alivyotaka. Python 3 itasema 2.08 na tarakimu nyingine nyingi, na ankara itaonyesha idadi ya katoni isiyolingana na iliyomo kwenye lori. Tiba ni fundi kuandika mikwaju miwili (//) badala ya mmoja pale anapotaka namba nzima.

Kukadiria nako kumebadilika. Python 2 iliikadiria 2.5 kuwa 3. Python 3 huipeleka 2, kwa sababu nusu kamili hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu.

PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, ina mtego wake. Zamani nafasi tupu ilihesabiwa kuwa sawa na sifuri, sasa sivyo. Kama kwenye orodha yako safu ya deni iliachwa tupu kwa mteja asiyedaiwa, programu inayouliza "je, deni ni sawa na sifuri?" sasa itajibu hapana, na mteja mwaminifu atatokea kwenye orodha ya wadaiwa.

Hatua za kuchukua

Kwanza, simamisha utoaji wa ankara na urudi kwenye daftari kwa muda. Usiruhusu namba zenye shaka zichanganyike na nzuri.

Pili, fundi achukue nakala rudufu ya taarifa zote kabla hajagusa chochote. Kisha uliza kama toleo la zamani linaweza kurudishwa kwa siku chache. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti huruhusu kuchagua toleo la PHP. Hiyo ni nafasi ya kupumua tu, si makazi.

Tatu, kama programu iko kwenye kompyuta ya Linux, Python ya zamani isifutwe ovyo. Kwenye CentOS 7, kwa mfano, chombo cha kusakinisha programu kiitwacho yum kinaitegemea Python 2. Ukiiondoa, unaharibu pia chombo ambacho ungekitumia kutengeneza.

Nne, chukua ankara 10 za zamani na uzipitishe kwenye matoleo yote mawili. Chagua zenye nusu, zenye nafasi tupu na zenye sarafu mbili. Linganisha namba moja baada ya nyingine, na pasipolingana piga hesabu kwa kikokotoo ujue ni toleo lipi lililokosea.

Tano, mwombe fundi apitie mwongozo rasmi wa kuhama. Watunzaji wa PHP na wa Python huchapisha, kwa kila toleo, orodha ya yaliyobadilika.

Kazi hiyo ifanyike kabla ya kupakia. Ankara iliyo bado mezani hurekebishwa kwa dakika chache. Iliyokwisha kufika dirisha la forodha huwa na maswali mengine.