Miaka Inayofuata Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hutoka hospitalini akiwa mnene vilevile kama alivyoingia, na wakati mwingine mizani humwonyesha kilo moja au mbili zaidi kwa sababu ya maji aliyotundikiwa. Kilichobadilika kiko ndani. Katika aina inayofanywa zaidi duniani leo, ambayo madaktari huiita slivu, huondolewa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuachwa mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika baipasi hakuna kinachotolewa. Sehemu ndogo ya juu ya mfuko hutengwa, yenye kubeba mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, na chakula kikaruka sehemu kubwa ya mfuko pamoja na mwanzo wa utumbo. Zote mbili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo, na mgonjwa hulazwa siku mbili tatu tu. Puto linaloingizwa tumboni kupitia mdomoni, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili huitoa katika tawi lake la Mloganzila, ni jambo jingine: halihitaji kisu, na hutolewa baada ya miezi kadhaa.

Baipasi ilianza mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mikononi mwa Edward Mason na Chikashi Ito. Mason alikuwa ameona kwamba wanawake waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo hubaki wembamba. Kwa miaka mingi ikadhaniwa kuwa kazi ya kisu ni kupunguza nafasi tu. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani waligundua ghrelini, homoni ya njaa inayotengenezwa zaidi na sehemu ya juu ya mfuko, ile ile inayotupwa katika slivu. Nayo baipasi huongeza homoni za utumbo zinazouambia ubongo kuwa mtu ameshiba. Ndiyo maana wengi, katika miezi ya mwanzo, hawapigani na njaa kabisa; wengine hulazimika kukumbushwa kula.

Siku za kwanza hospitalini zina kazi mbili: kutembea, ili damu isigande miguuni, na kunywa kwa funda ndogo ndogo. Hatari inayoogopwa zaidi ni mshono kuvuja. Moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au maumivu yanayopanda begani, ni sababu ya kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuche. Vituo vyenye uzoefu hukutana na haya kwa wagonjwa wachache. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa kama watatu katika kila elfu moja.

Chakula hurudi kwa hatua. Kwanza ni maji na supu iliyochujwa, kisha kwa wiki mbili hivi vitu vya kunywa vyenye protini kama maziwa na mtindi usiotiwa sukari. Wiki ya tatu na ya nne ni zamu ya vilivyopondwa: maharage yaliyochujwa maganda, samaki wa kuchemsha aliyepondwa, yai la kuvuruga. Vyakula laini hufuata, na kufikia mwezi wa pili au wa tatu wengi hula sahani ya kawaida, ila imepungua hadi vijiko vichache. Lengo la kila siku ni protini gramu 60 hadi 80. Yai moja lina gramu sita, kikombe cha maziwa kina nane, hivyo hesabu hiyo haitimii kwa bahati. Lazima ipangwe tangu asubuhi.

Hapo ndipo mazoea ya jikoni kwetu yanapopinduliwa. Katika sahani ya kawaida ugali au wali ndio chakula, na samaki au maharage ni kitoweo cha kuushushia. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, kitoweo kinakuwa chakula: huanza na dagaa, kuku au maharage, hufuata mboga, na ugali huja mwisho kama nafasi ipo. Ugali mgumu, chapati na mkate laini hujikusanya kuwa donge na kukwama. Nyama choma ngumu huenda ikamshinda kwa miezi mingi. Kila tonge hutafunwa hadi liwe uji, na mlo mdogo unaweza kuchukua nusu saa. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Husubiriwa nusu saa baada ya kula, na kutwa nzima hutafutwa lita moja na nusu. Soda huachwa, kwa gesi yake na kwa sukari yake.

Sukari, hasa kwa mwenye baipasi, ina adhabu ya papo hapo. Juisi ya miwa au chai yenye vijiko vinne vya sukari hushuka haraka kwenye utumbo mwembamba, na ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo hudunda, jasho hutoka, tumbo husokota, kuhara hufuata. Madaktari huiita dampingi. Ipo pia aina inayochelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula, pale mwili unapotoa insulini nyingi kupita kiasi na sukari ya damu kushuka hadi mtu kutetemeka. Wapo wanaoishukuru hali hii kwa kuwa huwafunza kuogopa vitamu. Shukrani hiyo haifai kutegemewa: si kila mtu huipata, na wengi huizoea baada ya muda.

Kwa Waislamu wa Pwani na wa nchi za Ghuba, ambako slivu imeenea sana, kuna swali la Ramadhani. Kunywa lita moja na nusu kwa funda ndogo kati ya magharibi na daku ni kazi ngumu kwa mfuko mpya, na futari ya tende, kaimati na tambi za sukari ndiyo hasa inayoleta dampingi. Madaktari wengi huwataka wagonjwa wasifunge katika miezi ya mwanzo, wengine hata mwaka mzima, na anayetumia insulini hapaswi kungoja mwezi mtukufu ufike ndipo amuulize daktari.

Uzito hushuka kwa kasi katika miezi sita ya kwanza, kisha polepole hadi mwaka mmoja au miwili. Katikati ya safari mizani husimama ghafla kwa wiki mbili tatu, na hofu ya kwamba upasuaji umeshindwa huwapata karibu wote. Mwezi wa tatu hadi wa sita nywele hudondoka, matokeo ya mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka, na kwa kawaida huota tena iwapo protini na madini ya chuma yanatosha. Kupungua haraka pia huleta vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, hivyo baadhi ya madaktari hutoa dawa ya kuvizuia kwa miezi sita.

Maradhi hubadilika kabla ya mwili kubadilika. Sukari ya damu inaweza kushuka ndani ya siku chache, na dozi ya insulini iliyofaa Jumatatu ikawa hatari Ijumaa. Katika utafiti uliofanywa Cleveland, Marekani, wagonjwa 150 wa kisukari aina ya pili waligawanywa kwa kura: baada ya miaka mitano, sukari ilikuwa imefika kiwango kilicholengwa kwa asilimia 29 ya waliofanyiwa baipasi na asilimia 23 ya slivu, dhidi ya asilimia 5 ya waliotumia dawa peke yake. Ni tofauti kubwa. Ni kweli pia kwamba wengi katika makundi yote matatu hawakufika hapo, jambo ambalo matangazo ya kliniki hulisahau. Shinikizo la damu, kukatika pumzi usingizini na maumivu ya magoti navyo hupungua.

Mtaani mambo huwa mengine. Katika jamii ambayo unene umekuwa dalili ya kutulia na kuolewa vizuri, aliyepungua kilo 40 haulizwi siri ya mafanikio. Huulizwa anaumwa nini. Kumbukumbu ya UKIMWI bado ipo. Nchini Uganda katika miaka ya 1980 ugonjwa huo ulijulikana kwa jina la "slim" kwa jinsi ulivyokondesha, na jicho linaloutafuta halijafumba. Kisha kuna ukarimu: mgeni anayekula vijiko vitano na kuweka sahani chini humtia mwenyeji wake majonzi, na kwenye sinia la pamoja anayejiondoa kwanza huonekana ana neno na wenzake. Baadhi huamua kusema wazi walichofanyiwa, wengine husema wana vidonda vya tumbo, jibu linaloeleweka na kila mama mkwe. Nyumbani pia hutikisika. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa baada ya upasuaji talaka huongezeka kwa walio kwenye ndoa, na ndoa huongezeka kwa wasio nazo.

Wanawake waliokaa miaka bila kupata ujauzito, hasa kwa matatizo ya homoni za mifuko ya mayai, huweza kushika mimba mapema mno. Ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18, uzito utulie kwanza. Vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki baada ya baipasi kwa kuwa huenda visifyonzwe vizuri. Kitanzi au vijiti ni salama zaidi. Mjamzito mwenye baipasi anapaswa kumweleza mkunga hali yake kabla ya kunyweshwa maji ya glukosi ya kupima kisukari cha mimba, maana kipimo hicho chenyewe humletea dampingi. Ngozi iliyolegea tumboni, mikononi na mapajani hairudi kwa mazoezi. Huondolewa kwa upasuaji mwingine, na wengi huishi nayo.

Lililo dogo kwa macho na kubwa kwa uzito ni vidonge vya kila siku. Vitamini B12, chuma, folati, vitamini D na kalsiamu hupungua mwilini kwa sababu chakula ni kidogo na njia ya kuvifyonza imefupishwa. Baada ya baipasi hunywewa maisha yote. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, kwa mafungu, mbali na chuma angalau saa mbili kwa kuwa hupingana. Mwanamke anayepata hedhi katika eneo lenye malaria na minyoo ya safura tayari ana upungufu wa damu unaomnyemelea, hivyo kipimo cha damu cha kila mwaka kwake si anasa. Vitamini B1, yaani thiamini, huisha upesi kuliko zote. Anayetapika kwa wiki kadhaa anaweza kuanza kuona viwiliviwili, kuyumba na kuchanganyikiwa, na dripu ya glukosi, ambayo zahanati yoyote ingeiwahi, inaweza kumzidishia iwapo hakuchomwa thiamini kwanza.

Dawa za maumivu nazo ni mtego. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huuzwa kila duka la dawa bila swali, na kwa mwenye baipasi huchimba kidonda pale mfuko ulipounganishwa na utumbo. Sigara hufanya vivyo hivyo. Parasetamoli ndiyo anayoruhusiwa. Pombe hupanda haraka na kukaa muda mrefu. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wagonjwa waligundua mwaka 2012 kuwa matatizo ya ulevi huongezeka mwaka wa pili baada ya baipasi, si wa kwanza, wakati ambapo familia imeshaacha kuangalia.

Mwaka huo wa pili ndio unaoanza mtihani wenyewe. Njaa hurudi kiasi, mfuko hutanuka kidogo, na karanga, biskuti na aiskrimu hupita bila kizuizi. Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 na kufuatilia watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji ulikuta kuwa wa baipasi walipungua asilimia 32 ya uzito kilele kilipofika, na miaka kumi baadaye walibaki na upungufu wa asilimia 25. Kurudisha kilo kadhaa basi ni jambo la kawaida la mwili, na kumtuhumu mgonjwa uvivu kwa ajili yake ni kumwonea. Ripoti ya mwaka 2020 ya utafiti huo ilionyesha kuwa waliopasuliwa waliishi takribani miaka mitatu zaidi ya wanene waliotibiwa kwa kawaida, ingawa bado hawakufikia umri wa watu wengine wa Sweden.

Wapo wanaorudi nyuma zaidi. Mwanasoka Diego Maradona alifanyiwa baipasi Cartagena, Kolombia, mwaka 2005, akapungua mno na kurudi kwenye televisheni mwembamba. Miaka miwili baadaye alikuwa amelazwa Buenos Aires kwa homa ya ini na athari za pombe, na mwaka 2015 alipasuliwa tena Venezuela. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza na matokeo yake ni hafifu, hivyo madaktari wengi sasa hutangulia na sindano za semaglutidi, dawa inayoiga moja ya homoni zile zile za shibe.

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hupasuliwa India au Uturuki na kurudi nyumbani ndani ya wiki chache, wakati ufuatiliaji unaotakiwa ni wa mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Faili hubaki ng'ambo. Ripoti ya upasuaji, inayotaja ni aina gani na utumbo uliunganishwa wapi, inafaa kuwa mkononi mwa mgonjwa na kwenye simu ya ndugu mmoja. Baipasi huacha mianya ambamo utumbo unaweza kuingia na kujinyonga hata miaka kadhaa baadaye, hasa kwa aliyepungua sana na kwa mjamzito. Maumivu makali ya tumbo huja na kuondoka baada ya kula, picha ya kawaida ya eksirei isionyeshe kitu, na daktari asiyejua historia hiyo akaandika dawa ya gesi kwa mtu anayehitaji chumba cha upasuaji usiku huo.